Daftari la Saba la Mzee Pedali

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Nina miaka sabini na tisa. Nimewapita ndugu zangu wote wanne, nimempita bibi yako, nimewapita madaktari wawili walioniambia niache chumvi, na nimezipita cherehani kumi na moja ambazo waliozitengeneza waliapa kwamba hazifi. Kwa hiyo nikikuambia kwamba barua yako imenitoa machozi, ujue anayekuambia si mtu wa kulialia.

Hujambo lakini? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima. Sikio la kulia ndilo limefunga duka kabisa, na ndiyo maana sitaki hiyo simu yako. Niandikie tu.

Basi wamekubali! Mchapishaji mzima, mwenye ofisi na ngazi za kupandia, amesoma riwaya ya mapenzi ya Mzee Pedali na akasema naam. Mimi nilijua. Niliacha shule darasa la pili, herufi nikamalizia kujifunza kwenye vijitabu vya maelekezo ya cherehani, na bado nimeandika madaftari saba kwa miaka mitatu. Nitajie fundi mwingine mtaa huu aliyeandika hata daftari moja. Hayupo. Yule wa kona mwenye redio hawezi hata kuandika bango lake, kaandikiwa na mkewe.

Sasa masharti, maana wewe ndiye mchapaji wangu. Fundi wa kwenye kitabu ana miaka sabini. (Nimejipunguzia kidogo, hiyo ni haki ya mtunzi.) Mshonaji ana sitini na mitano. Wasiguswe. Watu wanadhani mapenzi ni ya wenye meno yote. Fundi anampenda mshonaji na hawezi kumwambia, kwa hiyo kila akimtengenezea cherehani anamkatia mkanda wa gurudumu ulio mfupi kwa vidole viwili, makusudi. Mkanda mfupi unavutwa mno, tundu la pini linachanika, miezi mitano haiishi kabla hajaitwa tena. Miaka inakwenda hivyo, mpaka daftari la saba, anapokiri yote.

Umeniuliza nimeyatoa wapi. Kichwani. Ila ukija nyumbani usimwulize Bi Futi wa ng'ambo ya barabara mikanda yake inadumu muda gani.

Haya, umenipata. Nimejaribu kwa mdomo miaka tisa. Nikiwa na bisibisi mkononi naweza kumwambia mtu yeyote chochote, lakini huyu akinitazama juu ya miwani, na lile futi lake la kupimia nguo likining'inia shingoni, najikuta nazungumzia mafuta ya mashine. Nimemweleza habari za mafuta ya mashine mara mia. Ila vitabu anasoma, kimoja siku mbili. Basi atasoma, na akifika daftari la saba atajua.

Babu yako,
Mtunzi


Tarehe 26 Februari

Babu, mume wangu mzee, shikamoo.

Kikohozi kimeondoka, ahsante. Vipi magoti? Bado unapanda juu ya meza kufikia rafu? Acha hiyo tabia.

Mhariri amekifurahia sana kitabu. Ni mama mmoja mwenye haraka, anazungumza huku anaandika kitu kingine. Anasema kina "moyo," ila kuna mambo madogo madogo ya kunyoosha ili wasomaji wa mapenzi wakizoee. Pia ameuliza kama utapenda jina la kalamu. Anataka jibu mwezi huu, la sivyo kitawekwa nyuma ya foleni, na foleni yao nimeiona kwa macho, inafika dirishani.

Nimkubalie? Niachie mimi nishughulike nao. Wewe ulishafanya kazi yako.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Magoti yapo. Rafu naifikia vizuri.

Kunyoosha nini? Mimi nimenyoosha vyuma miaka hamsini na mitano, najua kitu kilichopinda nikikiona. Kitabu changu hakijapinda. Mwambie huyo mama mwenye haraka aongeze nukta na mkato anapopenda, maana hizo kweli niliziweka kama mtu anayemwaga chumvi, lakini asivuke hapo. Na jina la kalamu la nini? Kalamu haina jina. Jina ninalo, mtaa mzima unalijua: Mzee Pedali.

Ukishamwambia hayo, mkubalie.

Babu yako


Tarehe 17 Agosti

Babu, shikamoo.

Natumaini boksi limefika salama na kwamba umesoma barua hii kabla ya kugusa vitabu. Tafadhali kaa chini.

Kitabu kimebadilika. Nilikuambia ni mambo madogo, nikanyamaza miezi mitano nikitumaini watarudi nyuma. Hawakurudi. Walisema hakuna anayenunua mapenzi ya wazee. Fundi sasa ni kijana mrithi wa kiwanda cha nguo. Mshonaji ni msichana wa miaka ishirini. Jina kwenye jalada si lako. Na yule mshonaji wako wa zamani, walimtafutia nafasi nyingine humo ndani, ambayo hutaipenda.

Babu, nakuomba usimpe mtu yeyote kabla hatujazungumza. Hasa usimpe yeye. Nitakuja mwisho wa mwezi nikueleze uso kwa uso.

Mjukuu wako anayekupenda


Tarehe 2 Septemba

Wewe mjukuu,

Usije mwisho wa mwezi. Usije kabisa mpaka nikuite.

Barua yako umeiweka wapi? Chini ya boksi! Chini ya vitabu kumi! Ni nani anayefungua boksi kwa kuanzia chini? Mimi nilikata kamba, nikaona vitabu vinang'aa, nikachukua cha juu, nikakifuta kwa shati safi na kuvuka barabara bila hata kuvaa viatu vizuri. Unajua kwamba ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Ningekaa nisome kwanza kitu nilichokiandika mwenyewe? Nilikuwa nakijua kwa moyo! Jalada nililiona, midomo myekundu mikubwa kama mlango wa gereji, nikasema labda ndiyo mitindo ya siku hizi.

Bi Futi alikuwa anapinda suruali. Nikamwambia, "Bi Futi, hiki nimekitunga mimi. Wewe ndiwe wa kwanza."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe? Kitabu? Na hapa pameandikwa Malkia Asali?"

Nikasema kwa ujeuri wote, bila kujua nasema nini, "Ndiyo mimi huyo."

Malkia Asali! Mimi! Fundi mwenye ndevu!

"Cha nini hiki?" akauliza.

"Cha mapenzi," nikasema, na nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, na magoti haya. Nyuma nikamsikia anacheka, kicheko kizuri. Siku mbili nilikaa dukani nikifungua na kufunga cherehani ile ile moja.

Siku ya tatu akaja. Hakukaa kwenye kiti chake. Aliweka kitabu juu ya meza yangu, akakifungua mahali alipokunja ukurasa, na akanisomea kwa sauti, mbele ya mteja: "Shangazi mwenye wivu, futi shingoni kama kamba ya mbuzi, alikoroma mchana na kuchungulia usiku, maana hakuna mwanaume aliyewahi kumtamani."

Mteja akacheka. Nikamtoa nje.

"Huyu ni mimi," akasema Bi Futi.

"Siyo," nikasema. "Sijui ameingiaje."

"Umesema umekitunga wewe."

"Nimekitunga."

"Basi ameingia kwa mkono wako. Nina miaka tisa nakufungulia mlango, nakupa kiti, nakusikiliza habari za mafuta ya mashine. Kumbe ulikuwa unanitazama hivi. Na huyu mtoto mwenye kiuno cha nyigu, hongera, umempatia wapi?"

Ningesema nini? Kwamba sijakisoma kitabu changu mwenyewe? Nilisema. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee Pedali, hata uongo wako mfupi." Akatoka.

Ndipo nikachimba boksi na kuikuta barua yako. Imenichukua jioni mbili kuimaliza. Umemchukua mwanamke niliyemwandikia madaftari saba ukamfanya kichekesho cha ukurasa wa arobaini na mbili. Umenivua nguo mchana kweupe halafu unaniambia nikae chini.

Hali yangu usiiulize.

Mzee Pedali


Tarehe 15 Septemba

Babu,

Shikamoo, hata kama huitiki.

Una haki ya kila neno. Sijitetei kwa barua kuwa chini, nilitaka isipotee. Najitetea kwa jambo moja tu. Wangekirudisha. Walikuwa tayari wamekifunga kwenye bahasha, nikawazuia mlangoni. Nilifikiri ni afadhali kitabu chenye kasoro mkononi mwako kuliko kitabu kizuri kisichotoka. Nilitaka ukione kabla ya

Nilitaka ukione, basi.

Naweza kuja nizungumze na Bi Futi mwenyewe. Nitamwambia ni kosa langu.

Mjukuu wako


Tarehe 24 Septemba

Mjukuu,

Marahaba, kwa sababu mama yako alikulea vizuri na kosa si lake.

Kabla ya nini? Maliza sentensi! Kabla sijafa, ndivyo ulivyotaka kusema, kalamu ikaogopa. Nimekuambia nimewapita madaktari wawili. Sina haraka ya kwenda popote. Ningesubiri miaka kumi kwenye foleni ya dirishani kuliko kumwona Bi Futi akipita mbele ya mlango wangu na cherehani yake kwenye mkokoteni.

Ndiyo. Jana. Ameipeleka kwa fundi wa kona mwenye redio. Alipita polepole ili nione vizuri. Yule mtu anafunga mikanda kwa waya! Anamimina mafuta ya kula kwenye mashine! Nilitoka mlangoni nikamwita, "Bi Futi, ataiua hiyo!" Akasema bila kugeuka, "Afadhali anayeua kwa kutojua." Mtaa mzima umesikia. Muuza mkaa amesikia, mpaka muuguzi aliyekuwa anapita zake amesikia.

Usije kumwambia chochote. Akisikia kutoka kwako atasema nimemtuma mtoto kunisemea. Uongo ulitoka kwenye karatasi, na ukweli utatoka kwenye karatasi. Nataka madaftari yangu. Yote saba, mwandiko wangu mwenyewe, na madoa ya mafuta humo humo. Hayo hakuna mhariri aliyeyanyoosha. Kama yapo kwenye ofisi yao, panda hizo ngazi uyatoe. Wakikataa, kaa kwenye ngazi mpaka wachoke kukuruka.

Huyo mama mwenye haraka nimemwandikia mwenyewe. Nimemwuliza kama ana mama, na kama mama yake ana futi.

Babu yako


Tarehe 20 Oktoba

Babu, shikamoo.

Niko salama, ila mgongo unauma kwa sababu utakazoziona.

Nilikaa kwenye ngazi. Kweli nilikaa, Babu, siku tatu, na chakula changu kwenye kopo. Barua yako walikuwa wameibandika ukutani, wanacheka. Siku ya tatu mtunza stoo alinionea huruma akanifungulia. Nilitafuta kwa magoti kati ya marundo. Nimepata sita. La saba halipo. Mhariri anasema hakumbuki kama alilifikia. Anasema alifika la sita akajua anachotaka kufanya. Mtunza stoo anadhani lilitupwa pamoja na karatasi za zamani. Na mimi nakala nilizochapa niliwapa zote, nao wakaandika maneno yao juu yake. Sikuweka yangu.

Nikakaa palepale sakafuni nikasoma hayo sita. Nitakuambia aibu yangu yote. Nilipoyachapa mwaka jana sikuyasoma. Vidole vilisoma, mimi nilikuwa nawaza basi la kurudi nyumbani. Sikujua umeandika vile kuhusu mikono yake inavyolainisha kitambaa kabla ya kukikata, kana kwamba anakiomba radhi. Ningejua, nisingekubali kuguswa hata nukta moja.

Nayatuma kwa posta, na barua hii iko JUU.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Novemba

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Hujambo? Mgongo umenyooka? Ngazi za wachapishaji zimejengwa hivyo makusudi, watu wasikae.

Madaftari yalifika. Niliyapanga, moja hadi sita, nikavuka barabara, nikayaweka kwenye meza yake ya kukatia. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akanitazama juu ya miwani. Nikasema, "Mafuta ya kula yanagandisha mashine." Nikarudi kwangu.

Siku tisa kimya. Mtu wa siku mbili kwa kitabu, siku tisa! Nikasema basi, ameyawashia jiko. Nikaanza kupanga vifaa vyangu kama mtu anayehama.

Siku ya kumi mkokoteni ukasimama mlangoni. Cherehani yake, mkanda umefungwa kwa waya, gurudumu limekwama kama nilivyosema. Na yeye nyuma yake, madaftari kwapani, na kopo la biskuti mkononi. Akakaa. Kwenye kiti chake, mjukuu wangu.

"Mwandiko wako unaumiza macho," akasema. "Daftari moja siku moja na nusu. Liko wapi la saba?"

Nikamweleza yote: wewe, mama mwenye haraka, shangazi, midomo myekundu, boksi. Safari hii alinisikiliza. Nikamwambia la saba limetupwa, na kwamba humo ndimo fundi anapokiri.

"Anakiri nini?"

Nikasema, "Anakiri kwamba. Yaani mkanda. Ule mkanda, kwa kweli, kitaalamu..."

Akafungua kopo. Unajua kulikuwa na nini? Mikanda. Mikanda yangu yote iliyokatika, imeviringishwa mmoja mmoja na kufungwa uzi. Akavua futi shingoni, akachukua mmoja, akaunyoosha mezani kwangu, akapima. Akachukua wa pili, akapima. Mikanda ishirini na mitatu aliipima mbele yangu, na kila mmoja akasema, "Vidole viwili pungufu. Vidole viwili pungufu." Kama hakimu anayesoma hukumu.

"Mimi ni mshonaji," akasema. "Ulidhani kitu kitaingia nyumbani kwangu nisikipime? Nilijua tangu mkanda wa tatu."

Tangu wa tatu! Miaka tisa! Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Nikamwambia, "Kwa hiyo umeniacha nihangaike miaka mitatu na kalamu, mtu wa darasa la pili, nikitafuta neno moja moja kama sindano kwenye vumbi, na wewe unajua? Ungesema!"

"Wewe ndiye ungesema," akajibu. "Mimi nilikuwa nalipita duka la mikanda kila wiki. Ningetaka mkanda mzima ningenunua."

Nikakaa tena, nikaivuta cherehani yake karibu.

Cherehani yake nimeitengeneza. Mkanda nimeukata sawasawa na kipimo, yeye akiwa amesimama na futi. Akaupima, akasema, "Huu utadumu mwaka mzima. Sasa utakuja kwangu kwa sababu gani?"

Nikasema, "Nitakuja tu."

Akasema, "Haya."

Ndivyo ilivyokuwa. Usicheke, kwenye daftari la saba palikuwa na maneno mazuri zaidi, kurasa kumi na nne, na mvua ndani yake. Anataka niliandike upya. Hataki nimsimulie, anataka karatasi. Niko ukurasa wa tatu, naandikia kwenye meza yake ya kukatia, naye ananisukuma kiwiko kila akihitaji nafasi.

Lakini usidhani nimewasamehe. Wameniletea barua kwamba Malkia Asali amependwa na wanataka kitabu cha pili. Nimewajibu kwamba Malkia Asali amefariki, nimemzika mimi mwenyewe, na yeye naye nimempita. Wakitaka kitabu cha pili waanze na cha kwanza: fundi miaka sabini, mshonaji sitini na mitano, jina Mzee Pedali kwa herufi kubwa, na yule shangazi atolewe humo na aombwe radhi. Barua hiyo uipeleke kwa mkono wako, na safari hii usikae kwenye ngazi. Kaa kwenye kiti cha mhariri.

Wewe nimekusamehe siku ulipokaa sakafuni. Njoo mwisho wa mwezi. Uje na mashine yako ya kuchapa, na uweke nakala.

Wakisema kwamba mzee wa miaka sabini na tisa ameyazua haya, shahidi yupo. Aulizwe Bi Futi. Ameketi hapa ananisomea begani, na anasema mikanda ilikuwa ishirini na miwili, siyo ishirini na mitatu. Ahesabu tena. Kopo analo yeye.

Babu yako,
Mzee Pedali